Aliyefuata Watoto Jiko kwa Jiko

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika kitengo cha lishe cha kituo chetu cha afya, Mama Ukungu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya hafla ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu wa utawala, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Mtu wa utawala akaenda likizo. Kazi ikaniangukia mimi wa maabara, kwa sababu chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta mwembamba, na nikipiga chafya yeye ndiye huniambia pole. Msomaji anisamehe nikipotea njia. Mengi ya mama huyu yametokea ndani ya ukungu, na hata yale niliyoyaona kwa macho yangu, nikiyakumbuka sina hakika kama nilikuwa nimeamka sawasawa.

Jina la Mama Ukungu tulimpa sisi. Dirisha la ofisi yake linatazama mlimani, na asubuhi nyingi weupe hushuka kutoka kule juu polepole, ukafunika miti, ukafunika tangi la maji, ukaja kusimama kwenye uzio wetu. Hapo mama huacha sentensi katikati, kikombe mkononi, macho yakaenda zake. Mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akielezwa habari za wanga husubiri. Wazoefu hawana haraka. Wageni hugeuka nao kutazama, na ukipita mlangoni unawakuta wawili wametulia kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Kisha anarudi, anaendelea na sentensi ile ile kuanzia neno lile lile. Nimeliona jambo hili miaka nenda miaka rudi na bado silielewi.

Kule unakoanzia ukungu wanaishi wale ambao hapa mjini tunawaita watu wa juu. Ndio wenyeji wa asili wa milima hii. Msitu ulikuwa wao kabla haujawa wa mtu yeyote mwenye mhuri. Baadaye ukafanywa hifadhi, ukawekewa geti, kufuli na walinzi, na wenyewe wakasogezwa pembeni kwenye ukingo mwembamba wa ardhi, wakawa wanapelekewa unga wa msaada. Mama Ukungu alifika kwao akiwa mwanagenzi wa chuo cha lishe, binti mwembamba mwenye mizani begani na kanda za kupimia mikono ya watoto mfukoni. Chuo kilimtuma kwa mafunzo ya vitendo ya lishe ya jamii. Kituo chetu kikamwongezea kazi ambayo hakuisomea.

Daktari mkuu wa wakati huo alikuwa mzee mkali, mtu wa soksi hadi magotini. Alikuwa na taarifa za wanagenzi waliotangulia, na zote zilisema kwamba watoto wa watu wa juu wamekonda na mama zao hawajui hata wamekula nini. Akaamua kwamba mvua zikikatika, gari lipande, liwachukue waliokonda zaidi na kuwashusha kwenye kituo cha kulishia watoto kilicho mji wa chini, wakae huko hadi wanenepe. Ilikuwa imefanyika hivyo miaka ya nyuma. Wengine walirudi hawajui tena kuzungumza na bibi zao. Wengine hawakurudi, waligawiwa kwa watu. Kwa hiyo akina mama walipomwona binti na mizani yake hawakuona lishe, waliona gari. Na kweli, kazi aliyoongezewa ilikuwa kupima na kusema nani apande.

Siku za kwanza zilikuwa aibu tupu. Alikaa katika ukumbi wa mabati na dodoso lake, akina mama wakaja mmoja mmoja kwa adabu, wakaketi, wakapakata watoto. Swali la kwanza lilikuwa mtoto alikula nini jana. Wa kwanza akasema hajui. Wa pili naye hajui. Wa tatu akacheka kidogo, akamtazama mwenziwe, akasema, "Mimi nitajuaje?" Wanagenzi waliotangulia walisikia jibu hilo hilo, wakaandika kwamba mama hajali, na hayo maneno mawili ndiyo yaliyowasha injini ya gari. Binti wa watu alianza kukasirika. Amewahi kuniambia kwamba ilifika mahali akawa anauliza huku machozi yanamlenga, kwa kuwa alijua jibu lile litawafikisha wapi, na waliokuwa wakilitoa walionekana hawana habari.

Asubuhi moja hakuja mtu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijiji, mabati ya ukumbi yanadondosha maji tone baada ya tone, mizani imeloa. Akatoka kunyoosha miguu. Mbele yake akapita mtoto wa kike wa miaka kama minne, ambaye kwa wembamba wake walimwita Kijiti. Jana yake utepe wa mkono ulikuwa umeishia kwenye nyekundu, rangi ya hatari, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kupandishwa garini. Kijiti alikwenda kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Mwanagenzi hakuwa na la kufanya, akamfuata.

Yaliyofuata amenisimulia mara nyingi, kila mara kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto anayoipenda. Moto wa kwanza ulitokea kama doa jekundu ndani ya weupe, kisha ukapata mzee, kisha chungu. Mzee hakumuuliza mtoto ametoka wapi. Alisogea kwenye gogo, Kijiti akakaa, akanywa uji kwenye kibuyu, akashuka, akaondoka bila kuaga. Mzee akamtazama yule mgeni mrefu aliyebaki amesimama, akamsogezea kibuyu naye. Nyuma yao weupe ukafunga. Moto wa pili ulikuwa wa mwanamke mjamzito, ambaye alimfuta Kijiti pua kwa upindo wa nguo yake kabla ya kumpa chochote. Moto wa tatu ulikuwa na watoto wengine, nao wakaona jambo la kuchekesha sana kwamba mtu mzima anamfuata mtoto. Wakajiunga. Wakawa msafara, mwanagenzi akiwa mkia.

Walitembea hivyo mchana kutwa. Harufu ya moshi na udongo uliolowa, sauti za watu wasioonekana wakicheka mahali fulani upande wa kushoto, mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakujua tena kupanda ni wapi na kushuka ni wapi. Kila walipofika palikuwa na mtu aliyesogea kumpisha mtoto akae, na hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza huyu ni wa nani. Mama yake Kijiti walimkuta kwenye moto usio wake, akiwapakulia watoto asiowazaa. Alimwona binti yake anapita na mgeni nyuma yake, akatabasamu kwa macho tu, akaendelea kupakua.

Hapo mwanagenzi akaelewa. Mtoto wa kule hali kwa mama yake, anakula kijiji kizima. Mama aliyesema hajui alikuwa amesema kweli tupu, na hakuona aibu kwa sababu hakukuwa na cha kuonea aibu. Swali ndilo lililotungwa kwa ajili ya nyumba za watu wengine, zenye mlango mmoja na sufuria moja.

Lakini jambo moja lilimkera. Mtoto aliyekula kote huko alikuwa bado Kijiti. Jibu lilimngoja kwenye moto wa mwisho, kwa bibi mmoja mwenye sauti ya chini sana ambaye wote walimwita Bibi wa Asali. Bibi alitungua kibuyu kikubwa kutoka kwenye nguzo, akaingiza kidole, akakizungusha ndani, akakitoa na kumwonyesha. Kilikuwa kikavu. Akasema kwa utaratibu wa mtu anayemweleza mjukuu, "Jiko hili lilikuwa na asali. Kwa yule mzee, mizizi. Kwa yule mjamzito, mama yake alikuwa na uyoga. Kila nyumba na pande lake la msitu. Mtoto alikuwa akizunguka, jua likishuka ameumaliza msitu. Sasa anazunguka unga."

Mwanagenzi alikuwa amekunywa kila mahali walipopita, na ndipo ulimi wake ulipomshtua kwamba tangu asubuhi alikuwa ameonja kitu kile kile. Tangu geti lifungwe, majiko yote yalipika unga mmoja wa msaada. Watoto walizunguka kama zamani na kurudi na kitu kimoja tumboni. Hakuna mama aliyezembea. Na ukimtoa mtoto pale umlete kwenye kitanda cha chuma mji wa chini, unamnyang'anya majiko yote kwa pamoja ili umpe moja.

Alishuka jioni ile ile, nguo zinanuka moshi, akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu. Karani wa mapokezi aliyekuwa karibu na mlango, Mungu amrehemu, hakuwahi kuchoka kutusimulia. Binti alisema watoto wasitolewe, kinachotakiwa kutolewa ni kufuli. Daktari akacheka. Kisha hakucheka tena. Akauliza, "Nikiwaacha kule, akafa mmoja, nani atajibu?"

"Mimi."

"Wewe ni mwanagenzi. Wanagenzi huondoka."

"Basi sitaondoka."

Alikuwa na uchumba mji mwingine na nafasi ya kazi katika hospitali yenye lifti. Sijui kama siku ile alivikumbuka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mzee wa soksi ndefu alimpa msimu mmoja, na kesho yake akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya misitu, akabishana na watu huko hadi geti likafunguliwa asubuhi mbili kwa wiki ili wanawake wa juu waingie kuchuma na kuchimba. Gari halikupanda. Tangu siku hiyo binti yule akawa mdhamini wa watoto wa juu. Haikuwa cheo, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Kila mvua zikikatika aliingia kwa daktari mkuu, awe nani, akawajibia mmoja mmoja kwa kichwa, huyu kapanda uzito, huyu kasimama, huyu alikuwa na malaria lakini sasa anakimbia.

Msimu ule wa kwanza kanda zilianza kuhama. Nyekundu ikawa njano, njano ikawa kijani kwa kujivutavuta. Kila moto ulianza tena kuwa na chake, kidogo kidogo. Kijiti alianza kuwa na mashavu, ingawa jina lilikuwa limeshamganda. Chuo kilimpa mwanagenzi alama za wastani, kwa maelezo kwamba dodoso lake lilirudi likiwa tupu.

Mwaka uliofuata ndipo nilipoajiriwa mimi, na koti langu jeupe lililokakamaa kwa wanga. Mvua ilikuwa kubwa. Kichanga kimoja kule juu kilifariki. Nilimwona akipita mbele ya mlango wangu, matope hadi magotini, hakunisalimu. Akabisha kwa daktari, akaingia, akabaki amesimama. Ukuta ule nimeshausema. Alisema, "Nimekuja kujibu." Daktari akamweleza kwamba ni nimonia, haikuwa njaa, na hakuna wa kulaumiwa. Hakuondoka. Akasema tena kwamba alisema atajibu. Nilisikia kiti kinaburutwa, na baadaye karani akatuambia kuwa mzee aliinuka mwenyewe kumvutia kiti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, hata mkaguzi. Mimi niliweka kioo changu cha sampuli mezani, nikalia. Sioni haya kuliandika. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akitimiza neno lake kwa namna ile.

Tusije tukamfanya malaika, maana mwenyewe atakuwa amekaa kiti cha mbele na atanikata jicho. Mtaalamu wetu wa lishe hajui kupika. Katika mafunzo ya mapishi uji wake una mabonge ambayo watoto huyatafuna. Akina mama wa kule juu, kwa heshima zao zote, walimpa kazi ya kuteka maji na hawajampandisha daraja hadi leo. Wagonjwa wapya wakisikia kuna mama wa lishe hudhani ni muuza chakula, na kuna bwana mmoja alifika na sahani yake kutoka nyumbani. Mama hakumkatisha tamaa. Alimkalisha, akampa ndizi na somo zima la shinikizo la damu, bwana akaondoka amesahau sahani.

Vita yake na sukari ya chumba cha chai inajulikana hadi kwa wauza duka. Nilikuwa nikificha yangu kwenye mtoto wa meza chini ya darubini, nikiamini kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayetafuta kitu cha kula maabara. Aliipata. Akaibadilisha kwa chumvi, na mimi nikaja kuigundua mbele ya mgeni kutoka wizarani aliyekuwa akisifu usafi wetu. Nilimeza. Mgeni aliniuliza kama naumwa. Mama Ukungu alikuwa dirishani akitazama mlima.

Wanagenzi wamekuja na kuondoka wengi, na wote walipitia kwake kwa namna moja. Siku ya kwanza hawakupewa mizani wala kalamu. Walipandishwa juu, wakaonyeshwa mtoto, wakaambiwa wamfuate hadi jua lishuke na wasimuulize kitu. Chuo kililalamika sana kwamba siku hiyo haina alama. Mama alijibu kwamba ni kweli, haina. Kuna kijana mmoja mrefu, mchezaji mpira, aliyedhani atamchosha mtoto wa miaka mitatu. Kufika moto wa nne akajilaza kidogo kwenye nyasi, usingizi ukamchukua. Manyunyu yakaanza. Watoto wakamfunika kwa majani mapana tangu miguu hadi kidevu, na kila aliyepita akamwekea kitu pembeni ya kichwa, tunda, kipande cha kiazi, konzi ya karanga pori. Alipoamka hakujua yuko dunia gani. Leo ni mkuu wa lishe katika hospitali kubwa, na akipiga simu huuliza kwanza habari za wale watoto, kisha habari zetu.

Mimi nilipanda mara moja tu, na magoti yangu ni mashahidi. Tulikwenda kupima damu za akina mama. Nilipomaliza nikajitia kumfuata mtoto wa mtu, ili nami nisipitwe. Ukungu ulishuka. Nakumbuka moto, sauti ya mwanamke akiimba jambo lisilo na mwisho, kitu kitamu mkononi mwangu, na mtu aliyesogea nikae. Nilishuka mlima nimeshiba na hadi leo siwezi kusema kwa nani.

Matunda ya kazi yake yapo kwa anayetaka kuyaona. Geti lile sasa wanawake wa juu wanaingia siku yoyote, na walinzi ndio wanaowaomba asali. Dodoso la wilaya nzima limebadilishwa, linaanza kwa kuuliza mtoto hupita wapi kabla ya kuuliza amekula nini. Kile kituo cha kulishia watoto kilichokuwa mji wa chini kimegeuzwa stoo, vitanda vyake vya chuma vimepangwa vikiwa vimekunjwa. Makao makuu yalimwita zaidi ya mara moja kwa cheo na gari. Alikataa kwa ustaarabu, akisema ana watu wa kuwajibia. Wakubwa walidhani ni woga wa jiji.

Yule mchumba wa mji mwingine alikuwa fundi seremala mwenye subira. Alipoona bibi harusi haji, akaja yeye na randa yake. Alikuwa akitania kwamba ameoa mke mmoja na mlima mmoja. Viti vifupi vya kliniki ya watoto ni mkono wake. Moyo ulimchukua ghafla miaka kadhaa iliyopita, na kituo kizima tulimzika. Mtoto wao wa pekee anafanya kazi ng'ambo, hupiga simu kila Jumapili na kuambiwa ale mboga. Mama amekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya kazi nyuma ya jenereta, ambayo kwa mujibu wa taratibu anatakiwa kuikabidhi siku ya kustaafu. Nilimuuliza atahamia wapi. Akasema kuna chumba karibu na soko, kizuri tu, kina luku yake ya umeme. Alisema hivyo na kugeukia dirishani, na mimi jibu lile halikunipendeza hata kidogo.

Miezi hii ya mwisho swali moja limetembea koridoni: mdhamini akiondoka, itakuwaje kwa watoto wa juu? Watu wa juu hawakuwahi kuficha kwamba wamemkubali yeye, ofisi hawajaikubali. Nafasi yake amepewa mwanagenzi wake wa mwisho, binti mchangamfu tunayemwita Kipaza kwa sababu ya sauti. Wengi tuliogopa kwamba sauti ile itafukuza hadi ukungu wenyewe. Alipandishwa, akafuata mtoto, na aliporudi alishinda siku nzima ananong'ona. Bado mioyo yetu haikutulia. Kukubaliwa kule huwezi kukuombea barua.

Alhamisi iliyopita, mvua ikinyesha, wanawake wa juu walishuka. Hawashuki wakiwa wengi hata kwa harusi. Walijaa koridoni, wakaketi sakafuni nje ya mlango wangu, wanatoa mvuke kama nguo zilizoanikwa karibu na moto. Daktari wetu mkuu wa sasa, mwanamama kijana ambaye ningeweza kumzaa, alitoka mbio akidhani ni mlipuko wa ugonjwa. Msemaji wao, mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, alimsalimu vizuri, akasema wamekuja kwa habari ya udhamini.

Daktari akawatoa hofu. Akaeleza kwamba Kipaza atapanda kama ilivyokuwa, kwamba hakuna gari litakalomchukua mtoto yeyote, kwamba jambo hilo limekwisha siku nyingi na halihitaji tena mtu wa kulijibia. Alieleza kwa upole na kirefu. Walimsikiliza hadi mwisho.

"Hayo tunayajua, mwanetu," akasema yule msemaji. "Watoto tutawajibia wenyewe, na huyu binti mwenye sauti tumeshamzoea. Sisi tumekuja kwa ajili ya huyu." Akamwonyesha Mama Ukungu kwa kidevu. "Akitoka hapa, nani anamjibia?"

Daktari akanitazama mimi, labda kwa kuwa ni mzee kuliko wote. Mimi nikatazama viatu vyangu. Tulikuwa tumemnunulia saa ya ukutani na blanketi, na tulikuwa tumejipongeza kwa uchaguzi. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Naheshimu wahenga, lakini naona mlima ule hawakuupanda.

Yule mwanamke hakutulazimisha. Akasema tu, "Basi sisi." Kisha akatueleza kwamba nyumba imekwisha kuezekwa. Ipo upande ule ukungu unakoanzia, ina chumba cha kulala na kibaraza, na wamempandia maboga. Mama Ukungu alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akaketi palepale sakafuni, na wawili waliokuwa karibu wakasogea kumpisha. Alilia bila sauti na bila kujifuta, nasi tukamwacha alie. Kipaza, ambaye ni mtu wa vitendo, akauliza je, jiko watalijengea ndani au nje. Wanawake wakatazamana. Yule wa mabega mapana akamjibu kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Jiko la nini?"

Mama yetu, kituo kizima kinakushukuru, kwa niaba ya kila aliyelelewa kwao kwa sababu siku ile ulisema "mimi". Chumba cha karibu na soko tumeshamwambia mwenye nyumba akipangishe kwa mwingine. Panda salama. Uishi maisha marefu na mema, ushibe, na ulale usingizi wa mtu asiyedaiwa jibu na yeyote.